Sura ya 7: Mwanamuziki Akipotea, Nyimbo Zake Hubaki kwa Nani?

Kuna swali ambalo wapenzi wa muziki hapa Kolwezi hawachoki kuliuliza, ila kila rika huliuliza kwa namna yake. Wazee husema: "Huyu Jean Bosco alipotelea wapi? Tulimsikia redioni kila siku, kisha kimya." Vijana, ambao gitaa wamelijulia kwenye simu, huenda moja kwa moja: "Nikirekodi leo, nikafa kesho, nani atakula?" Ukiyapima yote mawili, swali ni moja. Mwanamuziki akitoweka, iwe majini, barabarani au katika kusahauliwa tu, kazi yake inakuwa ya nani, na ni kitu gani kinachoamua?

Nitalitoa jibu langu mapema ili tusichoshane: kinachoamua ni karatasi. Kipaji kinafungua mlango na umaarufu unajaza ukumbi, lakini siku mwenyewe hayupo, anayesikilizwa ni mwenye karatasi. Kulithibitisha hilo itabidi twende kwanza mbali sana na jimbo letu la Lualaba, hapa Kongo, hadi katikati ya bahari ya Pasifiki, halafu turudi Bunkeya, alikozaliwa Jean Bosco yule wa wazee.

Mpiga gitaa aliyechukuliwa na bahari

Tarehe 2 Januari 1997, kwenye kisiwa cha Molokai huko Hawaii, Mmarekani mmoja wa miaka 45 alikuwa akiogelea na mwanawe wa miaka 12. Mkondo ukamvuta mtoto. Baba akamfuata, akamsukuma kuelekea ufukoni mpaka mtoto akasalimika. Yeye mwenyewe hakurudi, na mwili wake haukupatikana.

Sisi tulio zaidi ya kilomita 1,500 kwa reli kutoka bandari ya Lobito tunahitaji kuelezwa mkondo wa namna hiyo ni nini. Mawimbi yakishavunjika ufukoni, maji yake lazima yarudi baharini. Yakipata upenyo mmoja, hurudi yote kwa pamoja kupitia hapo, kwa nguvu inayomshinda hata mwogeleaji hodari. Watu wa pwani hufundishwa kutoshindana nao: ogelea kando, sambamba na ufuko, mpaka utoke kwenye upenyo, ndipo uelekee nchi kavu. Mwenye mtoto mikononi hana nafasi ya kufuata somo hilo.

Mtu huyo alijulikana duniani kwa jina la Randy California. Jina lake la kuzaliwa ni Randy Craig Wolfe. Mwaka 1966, akiwa na miaka 15 tu, alipiga gitaa mjini New York katika kundi la Jimi Hendrix, kabla Hendrix hajawa yule Hendrix wa dunia nzima. Kundini walikuwamo akina Randy wawili, mmoja ametoka jimbo la Texas na mwingine California, kwa hiyo Hendrix akawatofautisha kwa majimbo yao. Mmoja akawa Randy Texas, na huyu wetu akabaki Randy California mpaka mwisho.

Baadaye alianzisha na wenzake bendi ya Spirit. Mpiga ngoma wake alikuwa Ed Cassidy, baba yake wa kambo. Walipiga roki, yaani muziki ule uliojengwa juu ya gitaa la umeme, besi na ngoma nzito. Hapa naomba nipumue kidogo kama mtu wa Kolwezi. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya ule, nao ndio unaokwenda kwenye spika. Ondoa shaba, roki yote inanyamaza. Wanaochimba Musonoi na Mutoshi wana haki ya kudai hisa katika kelele zile.

Ukurasa mmoja wa mwaka 1967

Katika albamu ya kwanza ya Spirit, iliyotoka mwaka 1968, kuna kipande kifupi kisicho na maneno kiitwacho "Taurus". Ni cha Randy California. Miaka mitatu baadaye bendi ya Kiingereza, Led Zeppelin, ilitoa "Stairway to Heaven", moja ya nyimbo za roki zilizoingiza fedha nyingi kupita kiasi. Bendi hizo mbili ziliwahi kupiga kwenye tamasha moja mwaka 1968. Wasikilizaji wengi wakasema mwanzo wa wimbo wa pili unafanana na kile kipande cha kwanza. Randy alilalamika mdomoni lakini hakwenda mahakamani.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2014, miaka 17 baada ya bahari kumchukua. Mlalamikaji alikuwa msimamizi wa mfuko unaobeba jina lake la kuzaliwa, mfuko ulioanzishwa na mama yake ili mapato ya nyimbo zake yanunulie watoto wa shule vyombo vya muziki. Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Mtu hayupo, kaburi hana, lakini nyimbo zake zina anwani, zina msimamizi, na zina kazi ya kufanya.

Mwaka 2016 kesi ilifika mbele ya jopo la wananchi walioapishwa kuamua. Ungetegemea wapewe santuri mbili wasikilize, waseme zinafanana au hazifanani. Haikuwa hivyo. Sheria ya Marekani iliyotumika kwa kazi za zamani hizo ililinda kile tu kilichopelekwa kwenye ofisi ya hakimiliki wakati wa kuandikisha. (Hakimiliki ni haki ya mtunzi kuamua nani atumie kazi yake na kwa malipo gani.) Na kilichopelekwa mwaka 1967 kilikuwa ukurasa mmoja wa nota, yaani alama zinazoandika sauti kwenye karatasi. Rekodi yenyewe, pamoja na utamu wote wa vidole vya Randy, haikuruhusiwa kuthibitisha ufanano. Jopo likalinganisha ukurasa na wimbo, likasema hapana, hazifanani vya kutosha. Kesi ilipanda na kushuka ngazi za rufaa. Mwaka 2020 majaji wa rufaa waliuthibitisha uamuzi ule, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuigusa.

Mimi sina ugomvi na uamuzi huo, wala simtetei Randy. Kinachonivutia ni uzito wa ukurasa ule. Uliandikwa kwa haraka, kwa mkato, pengine na mtu aliyekuwa akitimiza utaratibu wa ofisi. Karibu miaka 50 baadaye ukawa ndio wimbo wenyewe. Ungeandikwa vizuri zaidi, huenda kesi ingeendeshwa kwa namna nyingine. Usingeandikwa kabisa, msimamizi asingekuwa na mlango wa kubisha.

*Kwa ufupi:* Randy California alipotea na mwili wake usionekane, lakini kazi yake haikupotea, kwa sababu iliandikishwa na ilikuwa na msimamizi. Hata hivyo ililindwa kwa kadiri ya karatasi iliyoachwa, si zaidi.

Sasa turudi Bunkeya

Bunkeya iko katika eneo la Lubudi, ndani ya jimbo la Lualaba ambalo tangu mwaka 2015 makao yake makuu ni Kolwezi. Ndiyo makao ya ufalme wa Wayeke. Mwasisi wao, M'siri, alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akafuata shaba, akatawala mpaka alipopigwa risasi Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Njia za biashara za Wanyamwezi na za watu wa pwani ni mojawapo ya sababu Kiswahili kilitangulia kufika huku, kabla kampuni ya Union Minière haijakifanya lugha ya kambi za wafanyakazi.

Mwaka 1930 alizaliwa hapo Mwenda Jean Bosco. Wakati huo gitaa lilikuwa likiingia Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba ya leo, kwa treni na kwa mishahara ya migodi, pamoja na santuri za Cuba na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Bosco alivisikia vyote, akavichanganya na nyimbo za kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi. Santuri zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mojawapo ni "Masanga".

Ambaye hajawahi kumwona mpiga gitaa wa mtindo ule kwa karibu anadhani wanapiga watu wawili. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba halipumziki: linashuka kwenye nyuzi nene, linatembeza besi kwa hatua sawa. Cha shahada kinang'oa nyuzi nyembamba juu yake, nacho hakiendi na gumba. Kinachelewa kidogo, kinawahi kidogo, kinajibu. Kila aya ya wimbo inarudi ikiwa imebadilishwa mahali fulani padogo. Wapiga gitaa wengine wa Katanga walikuwa na mtu wa kando anayegonga chupa ya soda ili kushika mwendo. Katika "Masanga", gumba la Bosco linatosha.

Santuri hizo zilivuka mipaka yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bosco aliishi kwa muda Nairobi. Alikuwa na kipindi redioni na alitangaza vidonge vya Aspro, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilikaa karibu na spika kujaribu kunakili vidole vyake. Binamu yake Edouard Masengo naye alikuwa huko. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alichukua santuri hizo, akaziandika nota kwa nota, na uchambuzi wake ukachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Bosco alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani.

Kisha, kama wazee wasemavyo, kimya.

Kimya kilitoka wapi?

Watu hupenda sababu moja, tena yenye siri: alirogwa, alinyamazishwa, alikasirika. Ukweli una sababu nyingi ndogo, na karibu zote ni za kawaida.

Kwanza, Katanga ilijitenga na Kongo Julai 1960, vita vikafuata hadi mwanzo wa 1963. Njia za santuri na za wanamuziki zilikatika au zikawa za hatari. Pili, gitaa la umeme na bendi kubwa za Léopoldville, African Jazz na OK Jazz, vilichukua redio. Mtu mmoja na gitaa kavu alianza kuonekana wa jana. Tatu, santuri zenyewe zilibadilika. Zile za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa za utomvu mgumu. Ikidondoka sakafuni, inapasuka kama kigae. Zilipokuja santuri za plastiki na vyombo vyake vipya, kilichokosa kutolewa upya kilibaki stoo.

Nne ni sababu ambayo watu huisahau, nayo ndiyo ya karatasi: jina. Lebo za miaka ya 1950 zilimwandika kwa jina lake la ubatizo. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata Rais Mobutu akaamuru raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Mwili ni mmoja, vidole ni vilevile, lakini kwenye daftari la kampuni, la redio au la chama cha watunzi, huyo ni mtu wa pili. Anayetafuta nyimbo za Mwenda wa Bayeke hapati za Jean Bosco, na anayemtafuta Jean Bosco anaambiwa hajulikani alipo.

Na tano: maisha. Bosco alikuwa na familia ya kulisha. Alifanya kazi benki, alifanya kazi katika kampuni ya madini, alisimamia bendi za wengine, na alikuwa na hoteli mpakani mwa Zambia. Hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa Lubumbashi, mtu anayejulikana mtaani kwake. Waliompoteza ni sisi wasikilizaji.

Mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya vita vya Kolwezi vya Mei 1978, mpiga gitaa Mwingereza John Low alifika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta wazee wa mtindo huu. Aliwapata: Bosco, Masengo, Losta Abelo. Akakaa chini akafundishwa, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1988 Bosco alirekodi studio huko Cape Town, na rekodi ikatolewa Marekani kama albamu. Mlango ulikuwa unafunguka tena. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Hakuchukuliwa na bahari; barabara ndiyo iliyommaliza. Nayo si ajabu kwa kazi hii. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979. Kazi ya mwanamuziki inaisha usiku wa manane, ukumbi wa kesho uko mji mwingine, na gari mara nyingi si lake. Wanaouliza kwa nini wasanii wanakufa safarini wanapaswa kutazama ratiba yao kabla ya kutafuta mchawi.

Lori lina karatasi, wimbo hauna

Simama barabarani Kolwezi asubuhi utazame lori la shaba likitoka kuelekea Kasumbalesa. Dereva ana bahasha nene kuliko Biblia ya mama yangu. Mna karatasi ya mizani, karatasi ya maabara inayosema asilimia ya madini, karatasi za forodha na za kodi, na mzigo wenyewe una lakiri. Ikikosekana moja, analala mpakani. Kila tani inayotoka katika jimbo hili inajua ilikotoka, inakokwenda na nani atalipwa.

Wimbo uliotoka jimbo hilohilo ulipita mpaka huo bila hata kikaratasi. Ukafika Nairobi, Johannesburg, Newport. Nakala za rekodi za Tracey ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Ni jambo jema zimehifadhiwa, na nashukuru. Lakini kijana wa Bunkeya anayetaka kusikia muziki wa kijiji chake anategemea ukarimu wa watu walio nchi nyingine.

Ili tuelewane, wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba haki za watu watatu, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya:

- Haki ya *mtunzi*: aliyebuni sauti na maneno.
- Haki ya *mpigaji au mwimbaji*: aliyetia vidole na koo lake siku ya kurekodi.
- Haki ya *mwenye rekodi*: aliyelipia studio na mitambo.

Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu, au moja tu. Fedha zinazotokana nazo huitwa mirabaha, yaani malipo madogomadogo kila kazi inapotumika redioni, kwenye tangazo, kwenye filamu au kwenye simu. Mkataba wa kimataifa wa Berne unasema haki ya mtunzi inazaliwa wimbo unapotungwa, bila kuomba ofisi yoyote, na inadumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Hapo ndipo wengi wanapotulia wakasema, basi karatasi ya nini? Ya ushahidi. Haki unayo tangu siku ya kwanza. Kinachokosekana siku ya kugombana ni namna ya kuonyesha kwamba ni yako.

Tuseme kuna vijana wanne wa Manika, hapa Kolwezi. Wanatunga wimbo pamoja, wanarekodi kwa mtu mwenye kompyuta, wanausambaza kwa simu, unapendwa. Mmoja wao anakufa. Baba yake anakuja studio, anakaa kwenye benchi, anauliza kwa upole: "Mwanangu, ile wimbo ya mutoto yangu iko?" Kijana wa studio anajibu kwa heshima: "Papa, mashini ilikufa, byote biliisha." Wale watatu waliobaki, mmoja anasema maneno aliandika yeye, mwingine anasema gitaa lilikuwa la marehemu, wa tatu yuko Lubumbashi na hapokei simu. Hapo hakuna mwizi. Kuna wimbo usio na wenyewe tu, na wimbo wa namna hiyo atauokota yeyote.

*Kwa ufupi:* Haki ya mtunzi haisubiri ofisi. Ushahidi wake ndio unaosubiri mtu wa kuuandika.

Waliookoka na waliochelewa

Ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya shaba ya Zambia, kulikuwa na wapiga roki kweli, wenye magitaa ya umeme na nywele kubwa. Miaka ya 1970 walijaza kumbi za Kitwe na miji jirani, na muziki wao leo unaitwa Zamroki. Bendi iliyojulikana zaidi ni WITCH, na mwimbaji wake ni Emmanuel Chanda, aitwaye Jagari. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya muongo huo, mishahara ikakonda, na bila mishahara hakuna kiingilio wala santuri. Ugonjwa wa Ukimwi uliondoa wengi waliobaki. Jagari mwenyewe akaingia kuchimba vito.

Miaka mingi baadaye kampuni ya Marekani ilizitoa upya santuri zao, na dunia ikazisikia kana kwamba ni mpya. Jagari akaitwa Ulaya na Marekani, akapanda jukwaani akiwa mzee. Wenzake wa bendi ya awali walikuwa wengi wao makaburini. Tofauti kati yake na wao, kwa upande wa fedha, haikuwa kipaji. Yeye alikuwa hai kutia sahihi.

Mfano mwingine unatoka Afrika Kusini, kwa kampuni ileile ya Gallo. Mwaka 1939 Solomon Linda alirekodi "Mbube", akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukazunguka dunia, ukaingia kwenye filamu ya Disney. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walifungua kesi mwaka 2004 na kufikia mwafaka mwaka 2006, kwa sababu wanasheria walivumbua kifungu katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911: hata kama mtunzi ameuza, haki hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Sheria ya ukoloni ikawa rafiki wa warithi wa Mzulu. Lakini angalia kilichowezesha: palikuwa na rekodi yenye tarehe, karatasi ya mauzo, na watoto waliojulikana. Hata karatasi mbaya ya shilingi 10 ilikuwa bora kuliko kukosa karatasi.

Ufanye nini, wewe msomaji?

Ukiwa mwanamuziki, siku ya kurekodi andika ukurasa mmoja kabla hamjatoka studio: jina la wimbo, tarehe, mahali, nani katunga sauti, nani katunga maneno, nani kapiga nini, nani kalipia, na mgawanyo mliokubaliana. Kila mmoja atie sahihi na aandike jina lake lote, la kitambulisho na la jukwaani, bega kwa bega. Kama Bosco angekuwa na ukurasa mmoja unaosema kwamba Mwenda Jean Bosco na Mwenda wa Bayeke ni mtu yuleyule, nusu ya kazi ya watafutaji wake ingekuwa imekwisha. Jitumie rekodi kwa barua pepe ili ibaki na tarehe, weka nakala nyingine kwa mtu wa familia, kisha jiandikishe kwenye chama cha watunzi. Hapa Kongo ni SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Kuna wanaolalamika kwamba vyama hivi hulipa kidogo na kwa kuchelewa. Sitabishana nao. Ila chama hakiwezi kumlipa mtu ambaye hayumo kwenye daftari, na kutokuwamo hakujawahi kumwadhibu mtu mwingine zaidi ya msanii mwenyewe.

Ukiwa mrithi, usianze na mwanasheria. Anza na cheti cha kifo na majina yote aliyotumia marehemu, halafu tafuta lebo. Kwenye lebo ya santuri ya zamani, kuzunguka tundu la katikati, kuna jina la kampuni, jina la wimbo, jina la msanii na namba. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha wimbo. Maktaba na kampuni hutafuta kwa namba kuliko kwa jina, maana jina linaandikwa kila mtu anavyolisikia, na namba haina lafudhi.

Na ukiwa msikilizaji tu, mwenye sanduku la baba kule Likasi, Kolwezi au Bunkeya, usiiuze santuri kwa mpita njia kabla hujaipiga picha pande zote mbili, lebo ikisomeka. Kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo, haki ya utunzi ya Jean Bosco inafika mwisho tarehe 31 Desemba 2040. Muda wa kukusanya namba hizo bado upo, lakini si mrefu.